“Nakala Tu”: Uchambuzi wa Kisa cha Chapa Iliyokatwa Pambizo

Mwenye kisa ameniruhusu kukisimulia. Jina lake, mji anaoishi na majina ya jamaa zake nimeyaondoa, na baadhi ya mambo ya nyumbani kwake nimeyagusa juu juu. Humu nitamwita Bibi, kama ninavyomwita ana kwa ana. Chapa yenyewe, yaani picha iliyochapwa kwa wino kutoka bamba la shaba lililochongwa, nimeitaja kwa jina lake kwa sababu zilitoka nyingi, haimtambulishi mtu.

Usuli

Nafanya kazi kwenye karakana ya fremu katika mji mmoja wa Uingereza. Tunakata kadi na vioo, tunatoa picha kwenye fremu zilizooza na kuzitia kwenye fremu zisizoila karatasi. Wateja wengi huleta picha za harusi, vyeti vya chuo na jezi za mpira. Mara mojamoja huja kitu cha karne nyingine, na hapo kazi hubadilika.

Bibi ni mtu wa pwani, yuko Uingereza miaka mingi. Alimhudumia mzee mmoja Mwingereza mpaka mzee akafariki, na wana wa marehemu wakampa Bibi picha iliyokuwa ukutani mbele ya kitanda. Ilikuwa kubwa, haikwapiki. Nyeusi na nyeupe: dhoruba, miti inayoinama, maporomoko ya maji, mtu mwenye upinde juu ya wingu, na chini yake watu wanaanguka. Bibi aliipenda ingawa hakujua ni kisa gani. “Ile picha nilikuwa naitazama kila siku nikimlisha mzee,” aliniambia baadaye. “Niliwahesabu wale watu mpaka nikawajua.”

Nyumbani kwake palikuwa na maoni mawili. Binti yake aliamini ni mali kubwa, inafaa kuuzwa mnadani. Mpwa wake, kijana anayekaa naye, aliona fremu ina wadudu na kioo kimepasuka, basi itengenezwe itundikwe.

Yaliyotokea

Kosa la kwanza ni langu, nalo lilichukua kama dakika tatu. Bibi alinipigia simu nikiwa kwenye basi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nina picha ya kizamani hapa. Wenzangu wananichanganya. Hebu niambie, ni picha ya maana?”

Nikamuuliza kama ina rangi. Akasema haina, ni wino mweusi mtupu. Nikamuuliza kama chini kuna maandishi. Akasema yapo, madogo madogo, kushoto na kulia. Nikajua papo hapo ni kitu gani, au nikadhani nimejua. Nikamwambia: “Bibi, hiyo siyo picha yenyewe. Hiyo ni nakala tu, iliyochapwa kutokana na mchoro wa mtu.”

Kwa Kiingereza cha karakana nilikuwa sahihi. Kwa Kiswahili cha sebuleni kwa Bibi nilikuwa nimeipitishia hukumu.

Binti alipoteza hamu jioni ileile. Mpwa, ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe, alinunua fremu mpya ya dukani ya saizi iliyopo. Chapa ikawa kubwa kuliko fremu. Alipotazama, aliona picha inaishia kwenye mstari, na nje ya mstari kuna karatasi tupu yenye madoa ya kahawia na maandishi yasiyosomeka vizuri. Akachukua rula na kisu cha kukatia kadibodi, akakata pambizo pande zote nne. Kazi aliifanya kwa unadhifu. Nimeona mikato mibaya zaidi kutoka kwa watu wenye vyeti.

Bibi aliingia sebuleni kazi ikiwa imekwisha. Vipande viwili vilikuwa bado sakafuni, vingine vilishakwenda na taka za asubuhi. Akaviokota vyote viwili, kwa ajili ya maandishi. Kwao, tangu utotoni, karatasi iliyoandikwa haikanyagwi wala haitupwi ovyo. Huenda imebeba jina la Mwenyezi Mungu. Alijua maandishi haya ni ya Kizungu, lakini mazoea ni mazoea. Akavitia ndani ya bahasha.

Siku ya tatu akaja karakana na kijana, na picha, na bahasha. “Nimekuletea na mabaki yake,” alisema. Nilipofungua ile bahasha nikakaa chini.

Kipande kimoja kilikuwa tupu. Cha pili kilikuwa ncha ya kulia ya pambizo la chini, na juu yake jina moja lilisomeka: Woollett.

Tulichokiona kwa lenzi

Hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa ndipo Bibi mwenyewe alipobadili mawazo.

Niliiweka chapa mezani, nikampa lenzi ya kukuza mara kumi. Kwanza nilimwekea kando ukurasa wa gazeti ili alinganishe. Picha ya gazeti ikikuzwa huwa vumbi: nukta za rangi zimepangwa kwa safu, hakuna mstari popote. Kisha akahamia kwenye dhoruba yake. Kimya. Halafu: “Mwanangu, hii imechongwa.”

Ndivyo. Kila kivuli kilikuwa mistari. Mingine inaanza nyembamba kama unywele, inanenepa katikati, inachongoka tena mwishoni. Hiyo ni alama ya chuma kilichosukumwa kwa kiganja juu ya bamba la shaba, kikizama na kuibuka. Mingine ina ncha butu na inapindapinda kama mizizi, hasa kwenye majani na mawe; hiyo iliumwa na asidi. Penye giza zito mistari ilipishana ikafanya vyumba vidogo vya umbo la almasi, na ndani ya baadhi ya vyumba kulikuwa na nukta moja. Radi haikuchorwa kabisa: ni karatasi nyeupe iliyoachwa wazi, na giza lote limechongwa kuizunguka.

Ukipitisha kidole taratibu penye giza, wino unausikia umeinuka. Bamba hupakwa wino, likapanguswa mpaka uso wake uwe safi na wino ubaki mifereji tu, kisha karatasi iliyoloweshwa ikashinikizwa juu yake kwa mtambo mpaka iunyonye wino uliomo. Shinikizo hilo huacha pia bonde la ukingo wa bamba kwenye karatasi. Bonde hilo ni ushahidi wa kwanza ambao mtu wa kazi yangu huutafuta. Kwenye chapa ya Bibi lilikuwa limekwenda na taka.

Chapa yenyewe ni ipi

Kwa desturi ya chapa hizi, chini kushoto huandikwa jina la aliyepaka rangi picha ya asili, na chini kulia jina la aliyechonga bamba. Katikati huja jina la picha, na mara nyingi jina la mchapishaji na tarehe. Sisi tulibaki na kulia tu. Kwa kawaida watu humkumbuka mchoraji na kumsahau mchongaji. Kisu cha kijana kilikuwa kimegeuza mambo.

Jioni moja ilitosha. Makumbusho ya Uingereza, British Museum, yameweka mtandaoni orodha ya chapa zake pamoja na picha. Tukazipitia kazi za William Woollett mpaka tukafika kwenye dhoruba ileile: Niobe, kutokana na mchoro wa Richard Wilson, iliyochapishwa na John Boydell mwaka 1761. Niobe katika ngano za Kigiriki ni mama aliyejigamba kwa wingi wa wanawe mbele ya mungu mke mwenye wawili. Wale wawili wakashuka na pinde zao. Bibi aliposikia hayo alisema “Lahaula,” akaitazama upya.

Kisa cha bamba hili ni cha biashara kwanza, sanaa baadaye. Boydell alikuwa muuza chapa wa London, mwenyewe mchongaji wa wastani na asiyeona haya kulikiri. Chapa nzuri za siku hizo zilitoka Ufaransa. Alipotaka kuingiza zile zilizochongwa kutokana na michoro ya Mfaransa Vernet, alitaka kulipa kwa kubadilishana chapa kwa chapa. Wafaransa wakataka fedha, kwani chapa za Kiingereza hazikuwa na soko kwao. Boydell akamwendea Woollett, kijana wa Maidstone aliyekuwa katikati ya miaka ya ishirini, akamwekea pauni 100 kwa bamba moja, malipo ambayo mchongaji wa Kiingereza hakuyazoea. Mchoro wa Wilson ulikuwa mali ya Duke wa Cumberland, mtu wa ukoo wa kifalme, yaani wa kutazamwa na wageni wake. Chapa ikauzwa shilingi 5. Boydell alipata kwayo kiasi cha pauni 2,000, na Wafaransa wakaanza kupokea chapa za London.

Shilingi 5 hazikuwa bure. Kibarua wa London alilipwa karibu shilingi 2 kwa siku, kwa hiyo Niobe ilimgharimu siku mbili na nusu za jasho, kabla ya mkate na kodi. Anayesema chapa zilileta sanaa kwa kila mtu ameruka hatua. Zilileta kwanza kwa wakili, daktari, mwenye duka, mchungaji wa kanisa la kijijini, na kwa wanafunzi wa uchoraji ambao hawangepewa nafasi ya kuingia nyumba za watawala. Asiye na kitu alisimama nje ya duka la chapa akatazama dirishani, bure.

Wa ngazi za chini zaidi walifikiwa na chapa wakati ulipopita, jambo ambalo chapa ya Bibi ilitufundisha. Tulipoiinua kwenye mwanga hatukuona ile mistari ya wavu ambayo karatasi za zamani huwa nayo. Tuliona karatasi laini, na alama ya maji ya mtengenezaji wake: herufi chache na mwaka wa mwanzoni mwa karne ya 19. Watengeneza karatasi wa Kiingereza walianza kutia mwaka kwenye alama zao kuanzia 1794, kwa sababu za ushuru. Kwa hiyo bamba lilichongwa kwa ajili ya 1761, lakini karatasi hii ilipita kwenye mtambo zaidi ya miaka arobaini baadaye, Wilson na Woollett wote wakiwa kaburini. Mabamba yalikuwa mtaji: yalirudiwa, yakafufuliwa kwa kuchongwa upya mistari iliyochakaa, yakauzwa kwa wengine, yakachapwa tena. Chapa za mwanzo nyeusi na zenye kina zilikuwa za wenye nacho. Zilizofifia za mwisho zilifika kwenye kuta ambazo Boydell hakuzifikiria. Kwenye majani ya chapa ya Bibi kuna sehemu mistari imeungana ikawa kijivu. Bamba lilikuwa limechoka.

(Inasimuliwa kwamba Woollett akimaliza bamba kubwa alikuwa akipiga mzinga kutoka paa la nyumba yake. Nikimtazama mpwa wa mtu akikata picha yangu ya miezi mingi kwa kisu, nami ningetafuta mzinga.)

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kama ncha ya kulia iunganishwe tena na chapa. Inawezekana: karatasi nyembamba ya Kijapani kwa nyuma na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hutoka kwa maji mtu akitaka. Kijana alikwenda mbele zaidi. Alitaka kuona pambizo zima limerudi, na akasema: “Kaka, maandishi yaliyopotea si yapo mtandaoni? Tuyachape kwa kompyuta kwenye karatasi ya zamani, tuyabandike.” Nilielewa kinachomsukuma, aliona aibu, alitaka kufuta. Nikakataa. Mtu atakayeifungua fremu miaka themanini baadaye angeamini maandishi yetu, au angeyagundua na asiamini chochote kingine. Tulikubaliana ncha isiunganishwe. Nilikata kadi yenye madirisha mawili: kubwa la picha, na chini kulia dogo la jina Woollett, mahali pake hasa, na kati yao uwazi unaoonyesha kwamba kuna kilichopotea.

La pili ni madoa ya kahawia. Yanaweza kupunguzwa kwa kuoshwa na mtaalamu wa karatasi. Nilimweleza Bibi gharama, nikamweleza pia kwamba gharama ingezidi bei ya chapa, hasa sasa. Akasema: “Na mimi ninayo madoa. Acha.” Hapo sikuwa na hoja.

La tatu ni mnada. Binti alirudi na hamu aliposikia neno “1761”. Nilimwambia wazi: ni chapa ya baadaye, bamba limechakaa, pambizo limekatwa mpaka ndani ya ukingo wa bamba. Mkusanyaji wa chapa hutazama mambo hayo matatu kabla hajatazama picha. Sikumtajia bei, kwani mimi si mthamini, na nilikuwa nimeshajifunza wiki ile madhara ya kusema kitu kabla ya kukiona. Nilimwelekeza kwa wathamini, akaenda, akarudi kimya.

La nne lilikuwa ubao wa nyuma. Ule wa zamani ulikuwa mbao nyembamba zilizopigiliwa misumari, zimeiachia karatasi michirizi ya rangi ya chai. Tuliutupa, tukapiga picha kwanza.

Matokeo

Chapa iko sebuleni kwa Bibi, mbali na dirisha na mbali na kipasha joto. Nyuma ya fremu kuna bahasha yenye kile kipande tupu, maelezo ya alama ya maji, na karatasi ya mkono wangu inayoeleza kilichokatwa, lini, na kwamba kilikatwa kwa sababu ya ushauri mbaya. Jina la kijana halimo, langu limo.

Karakana ilipata hasara kidogo: saa za kazi sikumtoza zote.

Uchambuzi

Kilichofaulu ni lenzi. Maelezo yangu yote ya simu na ya mezani hayakufanya kazi ambayo mistari ile ilifanya yenyewe kwa nusu saa. Kama ningemwambia tangu mwanzo, “Bibi, usiiguse, njoo nayo,” kisa hiki kisingekuwepo. Kilichofaulu pia ni tabia ya Bibi ya kutotupa maandishi, ambayo siwezi kujipongeza kwayo.

Kilichofeli, nimekizungusha kichwani muda mrefu. Mwanzoni nilijilaumu kwa haraka, kwamba nilitoa jibu bila kuona. Hilo ni kweli, lakini hata ningeiona ningeweza kusema lilelile. Tatizo lilikuwa neno. “Nakala” kwa msikiaji wa leo ni kitu kinachotoka kwenye mashine ya fotokopi: kimefanana na asili, hakina mkono wa mtu, kikipotea kinatolewa kingine. Maana hiyo imetokana na kamera. Mwishoni mwa karne ya 19 upigaji picha uliichukua kazi ya wachongaji, na tangu hapo tunawatazama wao kama kamera za polepole. Watu wa wakati wao hawakuwatazama hivyo. Mchoraji Raphael huko Roma alifanya kazi na mchongaji Marcantonio Raimondi. Mchoraji Rubens alitafuta hati za ulinzi Ufaransa, Brabant na Uholanzi mwaka 1619 na 1620 ili wengine wasichonge michoro yake bila ruhusa. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1735 kuwalinda waliochonga ubunifu wao wenyewe, na mwaka 1767 ulinzi ukapanuliwa kwa wanaochonga kutokana na michoro ya wengine, ukatoka miaka 14 hadi 28. Kinachohitaji sheria mbili kulindwa hakikuwa “tu”.

Neno ambalo ningelitumia sasa ni tafsiri. Wilson alikuwa na rangi. Woollett alikuwa na mistari myeusi na weupe wa karatasi. Ilimbidi aamue wingu la kijani-kijivu litakuwa mistari ya aina gani, maji yang’ae kwa kuachwa wazi kiasi gani, ngozi ya maiti itofautiane vipi na jiwe. Mwalimu Nyerere alipomleta Shakespeare kwa Kiswahili twasema alitafsiri, na mtu anaweza kubishana kuhusu mstari huu au ule, akiwa anabishana na Nyerere. Nilimjaribishia Bibi neno hilo alipokuja kuchukua fremu. Akaliafiki kwa masharti: “Lakini mtafsiri mwenye mkono mzuri. Wapo wabaya.” Wapo. Boydell alikuwa mmojawapo.

Kuna jambo ambalo sina uhakika nalo bado, na ni lile dirisha dogo la jina. Mwenzangu wa karakana anaona tumelitukuza kosa, kwamba mgeni akiingia sebuleni macho yake huenda kwenye pengo kabla ya picha. Nimeliona likitokea. Pengine kipande kingekaa vizuri nyuma, ndani ya bahasha, na ukuta ukaachiwa dhoruba peke yake. Bibi hataki libadilishwe. Anasema yule mtu alikaa chini ya picha miaka yote, asihamishwe leo.

Ile fremu ya dukani, ambayo kila kitu kilikatwa kwa ajili yake, kijana ameitia picha ya timu yake ya mtaa. Nayo haikuenea, safu ya nyuma imekatika vichwa.